Wosia na Wanyama Wanaotutumikia: Fungu Dogo kwa Kazi ya Miaka Mingi

(Hii ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za uwakili, fedha na miradi za sharika. Tumeichapa hapa kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kufika, na kwa marafiki wa Dayosisi walioomba nakala.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya fedha za kuendeshea kituo cha kutunza wanyama kazi, na hasa juu ya njia moja ambayo katika sharika zetu haizungumzwi sana, nayo ni kuacha fungu kwa njia ya wosia. Tunajua kwamba neno wosia linawatia watu hofu. Wengine husema anayeandika wosia anajiitia kifo. Hata hivyo sisi sote tumekaa kwenye vikao vya ukoo baada ya mazishi, na tumeona madhara ya kutoandika. Tunaomba basi tuvumiliane, tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Kwa nini tunazungumza habari hii

Mradi wa kawaida huandikwa kwa miaka mitatu. Tunaandika andiko, mfadhili analipitia, fedha zinakuja, tunatoa taarifa, mradi unafungwa. Kisima kikishachimbwa, kamati ya maji inaweza kuendelea kwa michango ya watumiaji. Darasa likishaezekwa, watoto wanaingia na kusoma. Kituo cha wanyama hakiendi hivyo. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Ukimpokea leo punda mwenye umri wa miaka mitano aliyevunjwa mguu na gari, umejifunga kumlisha, kumkata kwato, kumpa dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda kwa miaka mingi ijayo. Mradi utafungwa mwaka wa tatu, naye punda atakuwa bado yuko zizini akisubiri majani.

Hilo ndilo neno letu kuu la leo: ahadi ya miaka mingi haiwezi kubebwa na fedha ya miaka michache. Ama tusiahidi, ama tutafute fedha inayolingana na umri wa ahadi yenyewe. Fungu la wosia ni fedha ya namna hiyo.

Wapo watakaouliza kama Kanisa lina haki ya kujishughulisha na punda wakati bado kuna yatima na wajane. Sisi tunasema kwamba anayeulizia yatima na mjane na atazame ni nani anayewachotea maji. Katika vijiji vyetu vingi punda ndiye anayebeba madumu, magunia ya mahindi, kuni, saruji ya kujengea kanisa, na hata mgonjwa anayepelekwa barabarani kutafuta usafiri. Punda akiwa na kidonda mgongoni, mzigo unahamia kichwani kwa mama na binti. Kumtunza punda ni sehemu ya kumtunza mama huyo. Maandiko nayo hayako kimya. Kutoka 23:5 inatuagiza tumsaidie punda aliyelemewa na mzigo hata kama mwenye punda anatuchukia, na Mithali 12:10 inamhesabu mwenye haki kuwa mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Nayo nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomdai mwenye mnyama amtunze na asimtese.

Haja hii imeongezeka. Kwa miaka kadhaa biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa ili kutengeneza dawa ya asili ya Kichina, ilipunguza punda katika nchi nyingi za Afrika, na familia nyingi ziliibiwa punda usiku. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa, waliridhia kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Tunalishukuru azimio hilo. Lakini azimio halimlishi punda wala halimtibu. Kazi hiyo inabaki mikononi mwa watu walio karibu naye.

Historia inatufundisha nini

Tuchukue mifano miwili ya watu walioanza kazi hii kabla yetu. Yote miwili inatoka Uingereza, kwa sababu huko ndiko vyama vya kutunza wanyama vilikoanza mapema na kuacha kumbukumbu nzuri.

Mfano wa kwanza ni mchungaji, Arthur Broome. Mwaka 1824 aliwakusanya watu kadhaa mjini London, akiwamo William Wilberforce aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Broome aliacha kazi yake ya usharika ili awe katibu wa chama. Aliwalipa wakaguzi wa masokoni kwa fedha zake mwenyewe. Moyo ulikuwepo na kazi ilikuwepo, ila mfuko haukuwepo. Mwaka 1826 alifungwa jela kwa sababu ya madeni ya chama, na wenzake wakalazimika kuchanga ili kumtoa. Chama hicho baadaye kilisimama imara na kipo hadi leo, lakini mwanzilishi wake alilipa gharama kubwa kwa kufanya kazi ya muda mrefu kwa fedha za kuokoteza.

Mfano wa pili ni Elisabeth Svendsen, mama aliyekuwa na hoteli huko Devon. Mwaka 1969 alinunua punda wake wa kwanza, kisha akaendelea kuwapokea wengine waliokuwa katika hali mbaya. Mwaka 1974 alipata habari kwamba mama mwingine, Violet Philpin, aliyekuwa akitunza punda karibu na mji wa Reading, amefariki, na katika wosia wake amemwachia punda. Idadi yao ilikuwa 204. Punda aliokuwa nao yeye Svendsen wakati ule walikuwa wachache sana kuliko hao.

Tusimame hapo kidogo, wapendwa. Mtu mwema anaandika wosia kwa upendo, na asubuhi moja mtu mwingine mwema anaamka na punda 204 wa kulisha. Wosia ulitaja wanyama. Swali la majani, la zizi, la daktari na la mshahara wa wahudumu likabaki kwa aliyerithi. Svendsen aliwapokea, akahangaika kutafuta ardhi na fedha, na kazi hiyo ikakua hadi kuwa shirika kubwa la The Donkey Sanctuary. Mwaka 1987 shirika hilo lilifungua kituo cha kutibu punda hapa kwetu Afrika Mashariki, katika mji wa Lamu, ambako njia ni nyembamba na punda ndiye mchukuzi wa kila kitu. Leo sehemu kubwa ya mapato ya shirika hilo inatokana na mafungu ambayo watu wa kawaida wameyaacha katika wosia zao. Wengi wao si matajiri. Ni walimu wastaafu, wauguzi, wajane, watu waliokuwa na nyumba moja na akiba kidogo benki.

Kwa hiyo wosia uleule unaweza kuwa mzigo au unaweza kuwa nguzo. Tofauti iko katika namna ulivyofikiriwa na ulivyoandikwa. Ndiyo maana tunataka kamati zetu zilielewe jambo hili kabla ya kulitangaza madhabahuni.

Je, tunawanyang'anya watoto?

Swali hili litaulizwa katika kila usharika, na ni haki liulizwe. Watu wamesikia habari za tajiri wa Marekani, Leona Helmsley, aliyefariki mwaka 2007 na kumwachia mbwa wake dola milioni 12, huku wajukuu wake wawili kati ya wanne wakiachwa bila kitu. Mwaka 2008 mahakama ililipunguza fungu la mbwa yule hadi dola milioni 2. Habari kama hizo zinawafanya watu wetu waseme kwamba mambo ya wosia kwa wanyama ni ya watu waliokosa akili au waliokosa ndugu.

Sisi hatuleti jambo hilo. Mithali 13:22 inamsifu mtu mwema anayewaachia urithi hata watoto wa watoto wake, na Kanisa halitapingana na Neno hilo. Familia kwanza. Mke au mume, watoto, wazazi wanaotutegemea, na watoto tuliowalea, hao wapate haki yao kamili kabla ya fungu lingine lolote. Tunaweza pia kujifunza kwa majirani zetu Waislamu. Katika sheria yao mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Sehemu inayobaki ni ya warithi. Na pwani yetu yote, Zanzibar hadi Lamu, kuna nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu ambayo mapato yake yamehudumia misikiti na visima vizazi kwa vizazi. Pale watu waliweka mpaka unaowalinda warithi, na kazi ya jamii nayo ikapata sehemu.

Tunapendekeza basi kipimo cha unyenyekevu. Mtu mwenye watoto wanaosoma asituwekee chochote, au aweke kidogo sana. Mtu ambaye watoto wake wanajitegemea afikirie asilimia tano, au hata mbili. Asiye na mtoto wala mtegemezi anaweza kufikiria zaidi, lakini naye azungumze na ndugu zake. Jambo moja tunalisisitiza kwa wote: familia iambiwe mapema. Fungu linalosomwa kwa mara ya kwanza baada ya mazishi huzaa ugomvi, hata likiwa dogo. Fungu ambalo baba au mama alilieleza mwenyewe akiwa hai, watoto wakauliza maswali yao na kujibiwa, hupita kwa amani.

Aina za mafungu

Kwa lugha nyepesi, mtu anaweza kuacha fungu kwa njia nne.

1. Kiasi kilichotajwa. Mfano: shilingi milioni 2. Njia hii ni rahisi kueleweka, ila thamani ya shilingi hushuka. Milioni 2 iliyoandikwa leo ikisomwa baada ya miaka 20 inaweza isitoshe hata kutengeneza paa la zizi. Anayetumia njia hii aupitie wosia wake kila baada ya miaka michache.

2. Kitu kilichotajwa. Mfano: ng'ombe, mkokoteni, mashine ya kukata majani, kipande cha shamba. Njia hii ni nzuri kwa vitu vinavyotumika kituoni. Tatizo ni kwamba kitu kinaweza kuwa kimeuzwa au kimekufa kabla ya mwenyewe.

3. Asilimia ya kitakachobaki. Hapo madeni yanalipwa, gharama za mazishi zinatolewa, familia inapata mafungu yake, kisha asilimia iliyotajwa ya salio inakwenda kwenye kazi. Njia hii tunaipendekeza kuliko zote. Mali ikiongezeka, fungu linaongezeka. Mali ikipungua kwa ugonjwa au ukame, fungu linapungua lenyewe, wala familia haibanwi.

4. Fungu la akiba. Mwenye wosia anasema kwamba mali fulani iende kwenye kazi ikiwa tu wale aliowataja kwanza watakuwa wametangulia kufariki wote.

Tuchukue mfano wa hesabu ili tuelewane. Mama mmoja ana nyumba anayoiacha kwa watoto wake, ana shamba analolitaja kuwa la mwanawe mdogo, na ana akiba na mifugo vyenye thamani ya shilingi milioni 8. Madeni na mazishi vinachukua milioni 3. Inabaki milioni 5. Ameandika asilimia 5 kwa ajili ya wanyama kazi. Fungu letu ni shilingi 250,000. Watoto wanagawana 4,750,000 pamoja na nyumba na shamba. Hakuna aliyenyang'anywa, na kituo kimepata dawa na chanjo. Familia 40 zikifanya hivyo katika miaka ya mbele, hiyo ni milioni 10.

Milioni 10 hizo tunaweza kuzila kwa mwaka mmoja, au tunaweza kuziweka katika mfuko wa kudumu na kutumia faida peke yake. Tukichukulia faida ya asilimia 10 kwa mwaka, tunapata milioni 1. Nusu tunairudisha mfukoni ili thamani isiliwe na kupanda kwa bei. Nusu nyingine, shilingi 500,000, inatumika kila mwaka. Hazitoshi kuendesha kituo kizima, na michango ya kawaida itaendelea kuhitajika. Lakini ni fedha ambayo ipo mfadhili akiwepo na asipokuwepo.

Wosia unaosimama

Wosia mwema unaweza kuanguka mahakamani kwa kosa dogo. Haya ni mambo ambayo kila mjumbe wa kamati ayajue, ingawa hayachukui nafasi ya mwanasheria.

Kwanza, mnyama hawezi kurithi. Kisheria punda ni mali, sawa na baiskeli. Ukiandika kwamba punda wako apewe shilingi laki tano, umeandika neno lisilo na mpokeaji. Mtaje mtu atakayemchukua mnyama, mwulize kwanza kama yuko tayari, na umwachie kitu cha kumsaidia matunzo. Tumekumbuka wale punda 204. Na tunajua desturi ya hapa kwetu: msiba ukitokea, punda ni miongoni mwa mali za kwanza kuuzwa ili kupata fedha za mazishi, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Anayependa mnyama wake asimwache bila jina la mtunzaji.

Pili, mpokeaji atajwe kwa jina lake la kisheria. Usharika peke yake haumiliki mali. Mali za Kanisa humilikiwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Ukiandika "nawaachia watu wa punda," hakuna atakayejua ni nani.

Tatu, mashahidi. Kwa kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao unahitaji wanne kwa mpangilio huohuo. Mashahidi wa wosia wa maandishi wawe wanajua kusoma na kuandika. Anayenufaika na wosia asiwe shahidi. Kwa kuwa sheria inayotumika hutegemea namna marehemu alivyoishi, ni vema kupata ushauri wa wakili, au wa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Nne, wosia uwe na tarehe, uandikwe kwa wino au upigwe chapa, na utiwe saini au dole gumba. Wosia mpya useme wazi kwamba unafuta ule wa zamani. Majina ya warithi yaliyoko katika fomu za SACCOS na mifuko ya hifadhi ya jamii yasipingane na wosia.

Tano, mahali pa kuutunza. Wosia uliofichwa chini ya godoro huliwa na mchwa au hupotezwa na asiyeupenda. Unaweza kutunzwa na wakili, au na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao pia huwasaidia wananchi kuandika wosia. Mtu mmoja au wawili wa kuaminika wajue ulipo.

Kwa wale wanaotaka maneno ya kuanzia, tumeandaa kifungu hiki kifupi cha kumpelekea mwanasheria:

"Baada ya madeni yangu na gharama za mazishi yangu kulipwa, na baada ya mke wangu/mume wangu na watoto wangu kupata mafungu niliyoyataja hapo juu, asilimia ... ya mali itakayobaki iende kwa Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa ya ... kwa ajili ya matunzo na tiba ya wanyama kazi. Iwapo kazi hiyo haitakuwepo tena wakati huo, Bodi ilitumie fungu hili kwa kazi iliyo karibu nayo zaidi."

Sentensi ya mwisho msiipuuze. Mtu akiandika kwamba fedha yake itumike kwa zizi fulani la kijiji fulani tu, na baada ya miaka 25 zizi lile halipo, fedha itabaki imefungwa na wanyama wa kijiji cha pili wataendelea kuteseka.

Wajibu wetu sisi tunaopokea

Hapa tunaomba tusikilizane kwa makini zaidi, maana hapa ndipo jina la Kanisa linaweza kuchafuka.

Mzee mgonjwa akitembelewa na mchungaji au mwinjilisti, anatembelewa ili aombewe na apewe Meza ya Bwana. Ziara hiyo isitumike kamwe kuzungumzia wosia. Mjane aliyefiwa mwezi uliopita asipelekewe fomu. Habari za wosia zizungumzwe hadharani, katika semina kama hii, kwa watu wazima wenye afya na nafasi ya kutafakari. Mtumishi wa Kanisa asiandike wosia unaolinufaisha Kanisa, wala asiwe shahidi wake.

Kamati iwe na ujasiri wa kukataa. Mali yenye ugomvi, shamba lenye kesi, fungu ambalo linawaacha watoto wadogo bila chakula, yote hayo tukatae kwa upole na kwa maandishi. Wanyama nao wasipokelewe kwa wosia bila kukaa na kupiga hesabu ya matunzo yao. Tukikubali wanyama kumi wakati tuna majani ya watano, tumewaonea wote kumi.

Fungu likishapokelewa, liingie katika akaunti yake yenyewe, lisichanganywe na sadaka wala mnada wa mavuno. Litolewe taarifa kila mwaka, mbele ya washarika na kwa familia ya marehemu, ikionyesha kilichopokelewa, kilichotumika, na kazi iliyofanyika. Na familia ikimteua ndugu yao kuwa msimamizi wa mirathi, tumpe nafasi amalize kazi yake. Sheria ya mirathi inamtaka msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama Kuu au ya Wilaya atoe orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Tusiwe watu wa kugonga mlango wa wafiwa kudai fungu letu kabla tanga halijavunjwa.

Tena, tukumbuke kwamba kituo kizuri ni kile kisichojaa. Sehemu kubwa ya fedha iende vijijini: kufundisha namna ya kumfunga punda mkokoteni bila kumchubua, kushona matandiko ya magunia na sufi, kukata kwato, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Punda mmoja aliyekingwa na kidonda akiwa kwa mwenyewe ni nafuu kuliko kumpokea kituoni akiwa amekwisha kuharibika.

Kwa marafiki walio nje ya nchi

Ninyi mnaosoma jarida hili mkiwa Ulaya na Marekani, sheria zenu ni tofauti na zetu, na mara nyingi zinawasaidia. Kwa mfano, Uingereza, fungu linaloachwa kwa shirika la hisani lililosajiliwa halitozwi kodi ya urithi, ambayo ni asilimia 40 kwa mali inayozidi kiwango cha msamaha. Na tangu mwaka 2012, anayeacha angalau asilimia 10 ya mali yake inayotozwa kodi kwa hisani, kodi ya sehemu inayobaki hushuka hadi asilimia 36. Tunawashauri mzungumze na mwanasheria wa kwenu, na ikiwezekana mtaje shirika mshiriki lililosajiliwa katika nchi yenu, mkieleza kusudi la fungu. Tunawaomba pia, kama mlivyotusikia tukiwaomba watu wetu, familia zenu zipate haki yao kwanza.

Tunaloomba kwa kila kamati

Hatuombi fedha leo. Tunaomba mambo matatu kabla ya kikao chetu kijacho. Kila kamati isome mada hii pamoja na baraza la wazee, na ituletee maswali yaliyojitokeza. Kila usharika upange siku moja ya somo la wosia kwa washarika wote, na mwalimu awe mwanasheria au afisa anayehusika. Somo lihusu kwanza ulinzi wa wajane na watoto, kisha ndipo lihusu mafungu ya kazi za Kanisa. Na wajumbe wenyewe waanze kwa kuandika wosia zao, hata kama hawatatuachia shilingi moja. Mjumbe ambaye hajaandika wake hawezi kumfundisha mwenzake.

Wengi wetu hatutakuwepo siku ambayo mafungu haya yatasomwa. Punda watakaolishwa nayo bado hawajazaliwa, na akina mama watakaopumzishwa mzigo kwa sababu yao huenda leo ni watoto wa shule ya Jumapili. Tukiandika vizuri sasa, wao watakuta majani yako zizini.